Nyota Niliyompa Mama Mdogo

Siwezi kukaa nje jioni za Agosti. Watu wa nyumbani kwangu wamekwisha kunizoea. Wanatandika mkeka uani, wanaleta karanga, wananiita, nami nakaa kidogo, kisha nakumbuka sufuria niliyoacha jikoni. Hakuna sufuria. Nikirudi nakaa upande wa pili, uso ukutani, na dakika tano hazipiti nakumbuka nguo kwenye kamba. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba alidhani ameoa mke, kumbe ameoa kiguu na njia. Sikumwambia sababu mpaka tulipokuwa na watoto wawili.

Sababu yenyewe iko juu. Agosti, giza likishaingia tu, Nge yuko katikati ya anga, mkia umejikunja kule kusini, na ile nyota nyekundu ya kifuani inaniangalia. Najua nyota haimwangalii mtu. Najua sana. Lakini nilimtoa mtu nyumbani kwake kwa nyota zile, na afadhali niseme mapema kwamba nilikuwa na akili zangu timamu na miaka kumi na sita.

Tulikaa Maruku. Kibanja cha baba na kibanja cha mdogo wake vilipakana, migomba ikigusana majani, kiasi kwamba mgeni hakujua ametoka kwa nani na kuingia kwa nani. Vita vilipoanza nilikuwa bado shule ya msingi. Watu walipita barabarani wakitoka ng'ambo ya mto Kagera, vitanda kichwani, mbuzi mkononi, na sisi tukakatazwa kuwasha taa nje. Baba mdogo alikuwa mgambo, akachukuliwa. Mama yangu alimfungia ndizi za kuchoma kwenye jani, na shangazi, dada mkubwa wa baba, alimshika mkono mpaka lori lilipoondoka likaanza kumburuta. Alirudi mwaka uliofuata na koti la jeshi na hadithi ya nyati aliyempiga risasi akalisha kikosi kizima. Nyati yule alikuwa akikua kila hadithi iliposimuliwa. Watu wakamtania kuwa yeye hakwenda vitani, alikwenda kuwinda, naye akapenda utani huo, akawa anajiita mwindaji kila penye pombe.

Mwaka mmoja baadaye akaoa. Mke alitoka Muleba, upande wa Kamachumu, na huyo ndiye Mama mdogo ninayemsimulia. Alikuwa akicheka amefunika mdomo kwa kiganja, kwa sababu ya jino moja lililopanda juu ya mwenzake. Alinizidi miaka saba au minane tu. Msimu wa senene ulipofika tulikaa pamoja nyuma ya jiko lake tukinyonyoa mabawa na miguu, ndoo nzima. Kwetu enzi zile mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kula senene. Aliwakamata, akawakaanga, akampa mume, na mume akamnunulia kitenge. Mama mdogo alimpa mume wake, kitenge akapata, lakini wa kwanza kutoka kikaangoni tuliwala sisi wawili, wa moto, na chumvi. "Ukisema nitakukana," aliniambia. Sikusema. Siri hiyo niliitunza vizuri.

Kitabu cha nyota nilikipata Miembeni, mjini Bukoba. Nilikuwa nimeanza sekondari, nasoma kule Kahororo, na Jumamosi tukiruhusiwa kwenda mjini wenzangu walinunua sabuni na maandazi, mimi nikaingia duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyebaki peke yake baada ya nduguze kuondoka. Aliuza vitambaa, kandili na dawa za minyoo. Ukutani alikuwa na kalenda yenye picha kumi na mbili kuizunguka: kondoo, ng'ombe, mapacha, kaa, simba, msichana na mashuke, mizani, nge, mpiga mshale, mbuzi, ndoo, samaki. Nilimuuliza maswali mpaka akachoka, akanitolea kitabu cha Kiingereza kilichoachwa na wanawe, jalada limetoka, kurasa za mwisho zimeliwa na mende. "Chukua," alisema. "Hapa hakuna wa kusoma tena."

Nilikisoma na kamusi, ukurasa mmoja kwa juma. Mambo ya Nge ndiyo yaliyonikaa kichwani. Wagiriki wa kale walisema palikuwa na mwindaji hodari, akajisifu kwamba atamaliza wanyama wote duniani. Ardhi ikakasirika. Haikumletea simba wala tembo, ilimtoa nge mdogo kutoka vumbini, nge akamchoma kisigino, mwindaji akafa. Wote wawili wakawekwa mbinguni, lakini pande mbalimbali, ili wasikutane tena: Nge akichomoza, Mwindaji anazama. Nilikwenda kuhakikisha mwenyewe. Mwezi wa tano jioni nilisimama penye kiwanja cha shule na kumwona mmoja akitoka ziwani na mwenzake akiingia upande wa Karagwe. Ni kweli, hawakutani. Kitabu kilisema pia kwamba hapo zamani Mizani haikuwa nyota ya peke yake, zilikuwa ni koleo, zile anazobania, za huyo huyo Nge, wakazikata na kuzipa jina lingine. Palikuwa na ukurasa mwingine juu ya watu wa visiwa vya bahari ya mbali na namna walivyoiona nyota hiyo, lakini haukuwa na mauaji ndani yake, nikauruka.

Nilipomsimulia mzee wa duka alitikisa kichwa. Akaniambia kwao kabla ya harusi huitwa mtu wa kusoma nyota za pande zote mbili. Dada yake alisomewa, ikaonekana nyota yake ingemuua mume, na hakuna aliyemwoa. "Alizeeka na nyota yake," alisema. "Alikuwa anapika vizuri sana." Akaendelea kupima kitambaa cha mteja. "Wewe soma picha. Usisome watu."

Afadhali angaliuambia ukuta. Likizo ilipofika nilirudi Maruku na kitabu kwapani, na kimbelembele changu chote, nikaanza kuwasomea watu nyota zao. Jamani, nilivyofurahi. Mjukuu wa fundi baiskeli akawa Simba, mama yangu Ndoo, mwalimu wa kwaya Mbuzi, akakasirika. Asiyejua tarehe alileta kadi ya ubatizo. Mama mdogo akaja na yake, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, mtoto wake wa kike mgongoni. "Na mimi je?" akauliza. Nikasoma: Novemba. Nikamwambia wewe ni Nge, mwenye siri, mwenye sumu mkiani, nyota ya mauti. Alicheka mpaka mtoto akaamka. "Novemba kwetu ni senene tu," alisema. "Huyo nge wako atapata wapi nafasi?" Mimi mwenyewe nge wa kweli Maruku nilikuwa nimemwona mara mbili maishani mwangu.

Wakati huo baba mdogo alikuwa anakohoa. Baada ya vita alifanya biashara ya kuvuka mpaka, blanketi, redio, na zile fulana zilizovaliwa na kila kijana, ambazo jina lake, Juliana, watu waliupa ule ugonjwa mpya wa kukondesha. Hatukuutaja ndani ya nyumba. Tulisema ana malaria, kisha tukasema ana vidonda vya tumbo, kisha tukasema amerogwa na wenzake wa biashara. Koti la jeshi likamzidi mabega. Siku moja nilimpelekea uji, akaniambia nimwite yule mwenye bunduki mlangoni aingie, asisimame kwenye mvua. Hapakuwa na mtu wala mvua. Mama mdogo alimwosha, alimlisha, alifua shuka zake kila siku mpaka vidole vikachubuka, na baba mdogo alipokufa alikuwa mwepesi kiasi kwamba mke wake alimbeba peke yake kutoka kitandani hadi mkekani.

Alizikwa kwenye migomba yake. Matanga yalipokwisha ukoo ukakaa kuamua.

Nyasi mbichi zilitandazwa sebuleni, wazee wakaketi kuzunguka kuta, wanawake upande wa jiko. Neno lililosubiriwa lilikuwa moja: mjane na mtoto wake wabaki kwenye kibanja, au mjane arudi kwao na mtoto abaki kwa ukoo. Mtoto alikuwa wa kike, hapakuwa na mrithi wa kiume, hivyo uamuzi ungeweza kwenda kokote. Baba yangu alitaka wabaki. Nilimsikia mwenyewe akimwambia mama. Lakini mbele ya shangazi baba alikuwa anavua kofia kabla hata ya kukaribishwa, na shangazi alikuwa amemzika mdogo wake aliyemlea mgongoni. Alitaka mtu wa kulaumu, na mimi simlaumu kwa kutaka.

"Wewe msomi," akaniita. Nilikuwa mlangoni nimebeba birika. "Likizo iliyopita ulikuwa unasomea watu nyota zao hapa. Mke wa marehemu ulimwambia ni nyota gani?"

Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilikuwa kinapita kwa wazee. Mzee aliyekuwa nacho akaninyooshea. Sikuwahi kupewa kahawa katika kikao. Niliweka birika chini, nikachukua mbegu mbili, nikatafuna, nikasema, "Nge."

"Na Nge ni nini?"

Ningeweza kusema ni mdudu. Nikawasimulia kisa chote. Mwindaji na majivuno yake, ardhi ilivyokasirika, nge alivyotoka vumbini, kisigino. Na nilisimulia vizuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilisimulia vizuri, nikanyamaza pale pa kunyamaza, nikaonyesha kwa mkono upande wa ziwa na upande wa Karagwe. Wazee waliacha kutafuna.

"Mdogo wangu alipita katikati ya risasi hakuguswa," shangazi alisema taratibu. "Alirudi mzima. Aliuawa nyumbani, kitandani kwake."

Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, mtoto amelala mapajani mwake. "Ule ulikuwa mchezo, waitu," akawaambia wazee. "Mtoto huyu alikuwa anacheza tu. Tulicheka wote." Kisha akaniangalia mimi, akingoja.

Baba naye akaniangalia. "Ulikuwa mchezo?" akauliza.

Nilikuwa na sare ya shule na kahawa ya wazee mdomoni, na watu wazima ishirini wakinisikiliza. Nikasema, "Hapana. Ni elimu."

Ulimi hauna mfupa. Ukoo uliamua jioni ile ile: kibanja kirudi mikononi mwa shangazi, mtoto abaki, mjane arudi kwa kaka zake kabla ya Jumapili. Mama mdogo aliondoka Ijumaa na godoro lililokunjwa na kikapu kimoja. Mtoto, wa miaka mitatu, alipelekwa jikoni asione, nami nikatumwa nimshike. Mama yake alipita nyuma ya jiko, pale pale tulipokuwa tunanyonyoa senene, akasimama nje ya mlango. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Hupatwa na baridi miguuni huyo. Akilala mfunike." Akashika njia.

Tangu siku hiyo sikutulia. Shuleni nilihamishwa dawati mara tatu kwa kugeuka geuka. Kitabu nilikirudisha Miembeni, mzee akakipokea bila kuuliza, akakiweka rafuni, nami nikatamani aulize. Kila likizo nilimkuta mtoto amekua, anachota maji, anamwita shangazi mama. Nilimfunika miguu. Watoto wenzake wakigombana naye walimwita mtoto wa nge, na neno hilo walikuwa wamelipata kwangu.

Halafu ukoo ukaanza kupukutika. Mtoto wa kwanza wa shangazi, dereva, akafa akiwa hivyo hivyo, amekonda, ana vidonda mdomoni. Mwaka uliofuata akafa wa pili. Mimi, niliyekuwa siwezi kuacha kitu, nilikwenda nikatafuta kadi za wake zao kwenye masanduku. Mmoja alikuwa Samaki, mwingine Simba. Hakuna aliyeniuliza. Watu wa afya walikuja wakasimama nje ya kanisa wakaeleza ugonjwa unavyoingia, na wengi wetu tuliinama tukaangalia viatu vyetu. Shangazi hakuinama. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudi nyumbani, akakaa mlangoni kwake siku nzima bila kufanya kazi.

Nilimaliza kidato cha nne, na hadi Agosti nikawa bado nangoja kupangiwa chuo, na kungoja ndicho kitu ninachokiweza kidogo kuliko vyote. Nikamwambia baba nakwenda Muleba kuangalia tarehe ya Mama mdogo katika kitabu cha parokia yao. Sijui wazo hilo lilitoka wapi. Ninachojua ni kwamba kadi ile haikunitoka machoni, ilikuwa na mstari mmoja mtupu juu ya ile Novemba, na mtupu ule ulikuwa unaniwasha. Baba akanipa nauli na kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba. "Ukimwona mpe hii," akasema, wala hakusema imetoka kwa nani.

Katekista wa kule alikuwa mtu mpole, akafungua kitabu kikubwa, akaramba kidole, akatafuta. Mstari wa kuzaliwa: mwisho wa Septemba. Mstari wa kubatizwa: Novemba. Akanieleza kwamba padri wa zamani aliwakusanya watoto wachanga siku moja, mama zao wakitoka mbali, na kwenye kadi karani aliandika siku ya maji tu. Watu wengi wa rika lile, akasema, wanasherehekea siku ya maji na hawajui.

Nusura nimkumbatie. Yaani kumbe hakuwa Nge. Alikuwa Mizani. Nilikuwa nimekosea, na kosa lina masahihisho. Kaka yake akaniambia dada yao hakukaa kwao hata miezi miwili, alikwenda visiwani kwa wavuvi wa sangara, yuko Bumbire. Kesho yake nikateremka mwaloni nikapanda mtumbwi wa injini pamoja na magunia ya chumvi. Upepo ulikuwa mkali, tukalowa wote, mimi nikasimama njia nzima mpaka nahodha akatishia kunirudisha.

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amekonda. Hakukonda. Alikuwa ameshupaa mikono, amefunga kitambaa cheusi kwa masizi, anageuza samaki juu ya moshi, na kando yake wanawake wawili waliotoka ng'ambo nyingine za ziwa wakizungumza Kiswahili cha kwao. Aliponiona alifunika mdomo kwa kiganja, kama zamani. Kisha akakishusha.

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba." Akageuza samaki mmoja, akageuza wa pili.

Nilikuwa na hotuba. Niliiandaa tangu Kamachumu. Ikanitoka yote kwa mara moja: kitabu cha parokia, siku ya maji, mwisho wa Septemba, kosa langu, yeye si Nge hata kidogo, yeye ni Mizani, na nitarudi Maruku kuwaambia wote. Kwamba zamani Mizani ilikuwa koleo za Nge, hilo sikumwambia.

"Mizani," akasema.

"Ndiyo."

"Na Mizani hafukuzwi."

Akaweka uma wake wa chuma chini, akajifuta mikono.

"Kwa hiyo kama kweli ningezaliwa Novemba," akasema, "mngekuwa mmefanya sawa."

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimesoma, nimefundisha, na jibu la swali lile sijawahi kulipata, kwa sababu halipo.

"Umevuka ziwa umebeba tarehe," akasema. Hakupandisha sauti. "Mtoto wangu umemwacha wapi?"

"Maruku."

"Basi."

Nikampa kahawa ya baba. Aliipokea kwa mikono miwili, maana adabu ni adabu, akaiweka juu ya kigogo bila kuifungua. Mtumbwi haukurudi siku hiyo. Jua lilipozama alinipa ugali na samaki, tukakaa mlangoni pa kibanda chake, na giza likaingia na Nge juu yetu. Nilianza kusogea upande, nikitafuta pa kutazama.

"Umeiona ndoana?" akauliza.

"Ndoana gani?"

Akaonyesha kwa kidevu. Pale nilipoonyeshwa mkia na kitabu, yeye alionyesha ncha ikipinda, na pale palipokuwa na kichwa, penye kufungia kamba. Ndoana ya sangara, kubwa, tupu. "Wavuvi wote hapa wanaona ndoana," akasema. "Mimi nilidhani wewe mwenye kitabu ndiye ungeona zaidi." Hapo nikaukumbuka ule ukurasa wa watu wa visiwa niliouruka, na picha yake ndogo pembeni, ambayo nilidhani ni kulabu ya kutundikia nguo.

"Miguu bado hupatwa na baridi?" akauliza baadaye.

"Namfunika nikiwapo."

"Na usipokuwapo?"

Nilirudi Maruku kesho yake, bila kulala Bukoba. Nilimkuta shangazi barazani anapukuchua maharage ndani ya ungo, baba ameketi kwenye kigoda, kofia mkononi. Baba alikuwa amekwisha kumwambia nilikokwenda. Mtoto, sasa wa miaka saba, alikuwa anafagia chini ya migomba.

"Umemwona?" shangazi akauliza.

"Nimemwona."

"Anaumwa?"

"Haumwi." Wakati ule hakuwa anaumwa. Ugonjwa ulimchukua baadaye sana, mtoto akiwa darasa la saba, naye ndiye aliyemshika mkono.

Shangazi akapukuchua ganda moja, la pili, la tatu. Nikaona amezeeka. Nywele zilizotokeza kwenye kilemba zilikuwa nyeupe zote. "Nasikia ulikwenda kusoma kitabu cha parokia," akasema. "Sasa. Ni Nge au si Nge?"

Na nikamwona anataka. Alitaka niseme si Nge. Tulikosea tarehe, ndugu zangu, karani hakujaza mstari, basi yaishe, na kila mmoja wetu angeinuka pale bila kovu, mimi wa kwanza. Nilikuwa nalo jibu hilo mfukoni, limeandikwa kwenye karatasi kwa mkono wa katekista. Nilikuwa nimelivukia ziwa.

"Ni Nge," nikasema. "Nge kabisa, kama nilivyosema siku ile. Na kesho asubuhi naondoka na mtoto, nampeleka kwa mama yake."

Baba akainua uso. Fagio chini ya migomba likanyamaza. Nilingoja nipigwe. Nilikuwa tayari, na kwa mara ya kwanza kwa miaka minne miguu yangu ilikuwa imetulia pale iliposimama.

"Wake wa wanangu," shangazi akasema mwishowe, macho kwenye ungo, "walikuwa nyota gani?"

"Mmoja Samaki. Mmoja Simba."

Akaendelea kupukuchua. Alipukuchua mpaka maganda yakaisha, akapepeta, akapuliza, akaokota jiwe moja akalitupa. Kisha akauweka ungo chini na kuingia ndani, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa na sweta la kijani, la tangu siku za shule, la yule mwanawe wa pili aliyezikwa mwaka uliopita.

"Ziwani kuna baridi," akasema. "Mvalishe hili."

Lilimfika chini ya magoti, na mikono tukaikunja mara tatu.